Dawa Iliyokula Sauti za Juu

Alikuwa mtu wa kinyongo, na sisemi hivyo kumtukana. Kwetu wengine wanafuga mbuzi, wengine nyuki. Yeye alifuga kinyongo, akakilisha kikanona. Na sisi tuliokaa karibu naye tulikipenda, jinsi mtu anavyompenda mbwa mkali wa jirani anayefukuza wezi wa kijiji kizima.

Tulimwita Mwalimu wa Kwaya. Tulifundisha naye shule moja ya msingi upande wa Tawa, miaka ya themanini. Mimi nilikuwa na darasa la tatu, yeye alifundisha hesabu madarasa ya juu, lakini hakuna anayemkumbuka kwa hesabu. Jumamosi alasiri aliongoza kwaya ya kanisa letu, na mimi niliimba sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa ya wanawake. Alikuwa mrefu, shingo nyembamba, koti jeusi mwaka mzima, hata Januari jua linapopasua mawe. Hatukuwa na kinanda. Alitupa sauti ya kuanzia kwa kuvuma puani, kisha akainua kidole kimoja. Mtu akichelewa, kidole kile kilimgeukia na kukaa pale mpaka wimbo uishe.

Mwuzaji mmoja wa soko la Mukuyuni aliwahi kumpimia ndengu zenye changarawe, mkewe akavunjika jino. Tangu hapo, kila siku ya soko, Mwalimu alikwenda kusimama karibu na magunia ya yule mtu, mikono nyuma, na kila mteja akija alimwuliza kwa upole, "Mama, leo umekuja kununua ndengu au kokoto?" Hakutukana. Hakuinua sauti. Yule mwuzaji mwishowe akahamia soko lingine, na Mwalimu akaulizia ni soko gani.

Nilimkumbusha kwamba Biblia inasema kisasi ni cha Bwana.

"Najua, Madam Mwende," akasema. "Lakini Bwana ana kazi nyingi. Mimi namshikia tu."

Mtu huyohuyo, ukiugua, alikuwa wa kwanza kufika kwako na chupa ya uji. Alikaa kando ya kitanda kimya, asikuombee kwa kelele, asikuulize umeanza kuumwa lini na wapi. Alisema mgonjwa huchoshwa na maswali kuliko homa. Alilijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amelala pale ambapo wengi hawainuki.

Alipougua hakuwa amefika arobaini. Kilianza kama kivimbe, mahali ambapo mwanamume hamwonyeshi hata mama yake. Alikificha mpaka akaanza kukonda na kukohoa, ndipo mkewe akamburura kwenda hospitali mjini Kitui, nao huko wakampeleka Nairobi upesi. Wakamfanyia operesheni, kisha wakamwambia kansa imeshapanda hadi mapafuni. Daktari mmoja, mtu wetu aliyekuwa amesomea ng'ambo, akamweleza kwamba kuna dawa ambayo bado wanaijaribu, imetengenezwa kwa madini ya platinamu, na imewaponya watu ambao jamaa zao walikuwa wameshaanza kuchanga mbao za jeneza. Alimwambia atatapika. Alimwambia nywele zitang'oka. Mwalimu akakubali.

"Nilitapika mpaka majina ya watoto," alituambia baadaye. Walimwekea dripu za maji bila kukoma, dawa isije ikakaa kwenye figo. Ulimi wake ulionja chuma, hata chai ilikuwa chuma. Na kati ya kutapika na kutapika aliwaimbisha wagonjwa wenzake wodini, kitanda hiki sauti ya tatu, kile sauti ya nne. Akarudi Tawa kichwa kama yai, koti likimning'inia kama limetundikwa msumarini. Lakini picha za mapafu zilikuwa safi. Alikuwa amepona. Akatania kwamba sasa ana madini mwilini kuliko vidole vya mke wa waziri.

Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimekufa ganzi. Chaki ilimdondoka akiwa hajui. Vifungo vya shati alifungiwa na mkewe, naye akageuza uso ukutani akifungiwa. Hilo alilivumilia. Kisha jioni moja, tukisahihisha vitabu nje ya ofisi ya walimu, aliniuliza nyenje wamehamia wapi. Nilidhani ni mzaha wake mwingine. Walikuwa wakilia kiasi cha kuumiza kichwa.

Jumamosi iliyofuata alitusimamisha katikati ya wimbo.

"Sauti ya kwanza, mbona mnafungua midomo kama samaki? Imbeni!"

Tukaimba. Akakunja uso.

"Nimesema imbeni!"

Tukapaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Wanaume wakaanza kutazamana. Akaniita mbele.

"Wewe, Madam. Peke yako. Ubeti wa pili."

Niliimba. Aliutazama mdomo wangu. Akasogea, akainama, akaweka sikio karibu na meno yangu mpaka nikasikia harufu ya sabuni shingoni mwake. "Panda juu," akasema. Nikapanda. Nilipofika ile noti ya juu kabisa, ile ambayo zamani kila nikiifikia alifumba macho, macho yake yalibaki wazi.

"Madam Mwende, umeimba?"

"Nimeimba, Mwalimu."

"Yote?"

"Yote."

Akaketi kwenye benchi la mbele na kuweka mikono magotini. Kisha akasema, "Nendeni nyumbani," nasi tukaenda, tukamwacha pale ameketi.

Alikwenda Nairobi kuuliza. Yule daktari wake hakuwapo siku hiyo. Daktari mwingine, kijana, akampima na kumjibu kwa urahisi kabisa, kama anayemwelekeza mtu chooni: "Aa, hiyo inajulikana. Hiyo dawa hula masikio. Huanza na sauti za juu. Hazirudi."

"Inajulikana tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Neno hilo alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyerudi na kisu. Inajulikana. Alilisema akinawa mikono, alilisema akifuta ubao. Alikuwa na mabinti wawili wadogo, na sasa aliwasikia kama watu wanaozungumza chini ya blanketi. Yule mdogo akicheka, baba yake aliona meno tu. Mkewe alijaribu kumtuliza, akamwambia ashukuru, wenzake wote wa wodi ile wamezikwa. Mimi pia nilijaribu.

"Lakini Mwalimu, umepona."

"Sijasema sikupona. Nimesema hawakuniuliza."

Kwa kuwa dawa ile ilikuwa bado ikichunguzwa, waliotibiwa nayo walitakiwa kurudi mara kwa mara wapimwe, ionekane nani amebaki na amebaki vipi. Mwalimu akaacha kwenda. Wakatuma barua, hakujibu. Akatuita walimu wenzake, akasema: "Wakija hapa, waambieni nimekufa."

"Kwa nini?" mwalimu mkuu akashangaa.

"Kupona kwangu ndiyo fahari yao. Siwapi."

Gari la hospitali lilikuja kweli, mchana wa jua kali, vumbi nyuma yake kama moshi. Alishuka nesi wa makamo. Walimu wanaume wote wakakumbuka wana kazi darasani, nikabaki mimi. Nilimwambia bila kupepesa macho, "Pole, Sista. Tulimzika." Na mpaka leo sijuti. Nilikuwa nimeimba ubeti mzima sikioni mwa mtu, naye hakuusikia. Nilitaka mtu fulani Nairobi akose usingizi.

Yule nesi alishika mdomo. "Yule aliyekuwa akituimbisha wodini?" akasema. Kisha akarudi garini akijifuta kwa mkono.

Mwalimu alikuwa amejificha nyuma ya ghala la mahindi, akila karanga. Alicheka mpaka akapaliwa. Nilipomsimulia maneno ya nesi, akaacha kucheka. "Huyo hakuwa na kosa," akasema, akatupa karanga zilizobaki kwa kuku. Lakini hakunituma nimfuate nimwambie ukweli.

Kuanzia hapo hasira yake ikatembea. Kila alipokwenda, sokoni, matangani, kwenye mikutano ya wazazi, aliwaambia watu kwamba dawa ile ni sumu. "Madini ni ya kuchimbwa ardhini," alisema, "si ya kutiwa kwenye mishipa ya mtu." Na watu walimsadiki. Walimwona akihangaika na kifungo cha shati. Walimwona akigeuza kichwa kama kuku kutafuta sauti ya mtoto.

Hapa ndipo niseme habari za mzee wa kanisa, maana kinyongo cha pili cha Mwalimu kilikuwa dhidi yake.

Mwalimu aliporudi kutoka hospitali bila nywele, mzee huyu alisimama Jumapili wakati wa matangazo, akasema kwamba Mungu humpiga mtu palepale alipotendea dhambi. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Kanisa zima liligeuka kumtazama mke wa Mwalimu. Na habari ya masikio ilipojulikana, mzee huyohuyo akasema kiziwi hawezi kuongoza kwaya, akampa kazi hiyo mpwa wake, kijana aliyekuwa akipiga makofi nje ya mdundo. Mwalimu hakubisha. Ila kila Jumamosi alikuja, akaketi benchi la mwisho, mikono kifuani, akimtazama yule mpwa. Yule kijana alikuwa akitoka mazoezini shati limelowa kama aliyelima.

Mzee alikuwa na mtoto wa kiume, Kioko, mtu mzima, mwenye kuendesha mashine ya kusaga unga pale sokoni. Kioko akaanza kukonda. Akaombewa. Akapelekwa kwa mganga, kwa siri, na mzee akadhani hatujui. Mwishowe daktari wa Kitui akamwambia: ni ugonjwa uleule wa Mwalimu, nenda Nairobi mara moja. Kioko akakataa. "Ile sumu?" akasema. "Heri nife nikiwa na masikio yangu."

Basi Jumamosi moja, tukiwa katikati ya mazoezi, mzee wa kanisa aliingia kwa mlango wa nyuma, akaenda mpaka kwenye benchi la mwisho, akavua kofia. Mzee yule alikuwa na sauti nzito inayotoka tumboni. Sauti kama hiyo Mwalimu aliisikia vizuri kabisa. Mimi nilijua. Wote wawili walijua.

"Mwalimu, naomba tuongee nje kidogo."

"Eti?"

"Nje. Mimi na wewe."

"Paza sauti, mzee. Mimi ni kiziwi, wewe mwenyewe ulitangaza."

Kwaya ikanyamaza. Mzee akatutazama, akamtazama tena Mwalimu. "Ni Kioko. Anaugua."

"Anaugua nini?"

"Ule... ule ugonjwa wako."

"Upi? Nimeugua mengi."

"Wa mahali pa siri."

"Mahali pa nani?"

"Korodani!" mzee akapiga kelele, na neno hilo likagonga mabati likarudi chini. "Mwanangu ana kivimbe kwenye korodani, Mwalimu, na amekataa hospitali kwa sababu wewe umesema ni sumu! Atakufa!"

Akina mama wa sauti ya pili waliinamisha vichwa. Mimi sikuinamisha. Nilimtazama mzee yule kama mtu anavyotazama mvua iliyochelewa.

"Aiya," akasema Mwalimu, kwa ule upole wake wa sokoni. "Pole sana. Na Kioko ametenda dhambi gani?"

"Hakutenda dhambi."

"Sijasikia."

"Hakutenda dhambi yoyote! Wala wewe hukutenda!" Na hapo sauti ile nzito ikavunjika.

Nilidhani Mwalimu atatabasamu. Hakutabasamu. Aliinuka, akafunga koti kwa vile vidole vyake vilivyokufa, kifungo kimoja kwa muda mrefu sana, sisi sote tukitazama. "Twende kwake," akasema.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Kioko mwenyewe. Mwalimu alimkuta amelala, akasimama mbele ya kitanda. "Niangalie," akamwambia. "Mimi ni mzima."

"Si ulisema ni sumu?"

"Ni sumu. Imekula masikio yangu na vidole vyangu. Lakini ilikula kwanza ile kansa. Nimesimama hapa."

"Na mbona hiyo ya kusimama hukuwahi kutuambia?"

Kioko alisema Mwalimu aliwatazama kuku wakiingia ndani na kutoka. Hakujitetea. Alimwambia tu afunge nguo zake, watakwenda pamoja.

Katika ile hospitali ya Nairobi, nesi wa makamo alimwona Mwalimu kwenye korido, akaangusha trei. Alipoelewa kwamba mtu aliyemlilia alikuwa hai, alikasirika, hakumsalimia siku nzima, na Mwalimu akaona ni haki yake. Daktari alikuwa amepata mvi. Alisimama mlangoni akishika fremu.

"Wewe! Tuliambiwa umekufa."

"Nilikufa. Nimerudi na mgonjwa."

Daktari akaanza kumweleza Kioko kuhusu dripu na kutapika. Mwalimu akavuta kiti, akakiweka katikati ya wodi, wagonjwa wengine wote wakisikia. "Kaa hapa, daktari," akasema. "Mwambie yote. Yale ambayo yanajulikana."

Daktari aliketi. Akataja figo. Akataja ganzi ya vidole na nyayo. Akasema huenda asipate watoto. Akanyamaza.

"Endelea."

"Masikio," akasema daktari.

"Yana nini?"

"Dawa huyaharibu. Sauti za juu kwanza. Hazirudi."

"Kumbe si neno gumu kulitamka," akasema Mwalimu.

Kisha daktari akamwambia Kioko jambo ambalo Mwalimu mwenyewe hakulijua. Kuna dawa nyingine sasa, akasema, ndugu ya ile ya kwanza, ya platinamu vilevile, nayo bado inajaribiwa. Hiyo haili masikio sana. Lakini kwa ugonjwa huu, hana hakika kama inaua kivimbe sawasawa na ile ya zamani. "Ukiniuliza mimi, ningechukua ya zamani," akasema. "Lakini masikio ni yako, si yangu."

Kioko alilala na maneno hayo, asubuhi akachagua ya zamani. Alisema masikio yake yalishazoea taabu kwenye mashine ya unga.

Kabla hawajaachana, daktari alimwambia Mwalimu, "Ulikuwa na watoto wadogo. Ulikuwa unakufa. Niliogopa nikikwambia utakataa."

"Labda ningekataa," akajibu Mwalimu. "Labda ningekubali. Sasa hatutajua, mimi na wewe. Hicho ndicho ulichoniibia."

Daktari akavua miwani, akaomba msamaha, mbele ya wodi nzima. Kioko alingoja kusikia Mwalimu atajibu nini. Mwalimu alisema, "Mwekee kijana dripu."

Kioko alipona. Ana mashine mbili sasa, na ukitaka akusikie simama mbele yake. Baba yake alisimama kanisani Jumapili, akafuta maneno yake mwenyewe, akamwomba Mwalimu airudie kwaya. Mwalimu akakataa, akisema sauti ya kwanza haisikii, atawadhulumu. "Mpeni Madam Mwende," akasema. Ndivyo yule mpwa alivyovuliwa kazi na mimi nikaipata, na Mwalimu akaonekana mtu mnyenyekevu sana siku hiyo.

Alistaafu mapema, akahamia shamba la upande wa mkewe, karibu na Makindu. Hatukuonana kwa muda mrefu. Kisha miaka ya tisini ikiwa karibu kwisha, nikiwa safarini kwenda Mombasa, basi letu liliharibika pale Makindu. Abiria wenzangu wakasema twende tukale kwa Makalasinga, wale Wahindi wa vilemba, ambako msafiri yeyote hupewa chakula hekaluni mwao, bora afunike kichwa na kuvua viatu. Nilimkuta huko, ameketi kwenye mkeka, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, na lile koti jeusi mwilini.

"Kaa upande huu," akasema, akinigusa mkono. "Sikio hili ndilo lenye nafuu. Na sauti yako imeshuka, naona. Nakusikia."

"Nimezeeka, Mwalimu."

"Vizuri."

Nilimwuliza anakwenda wapi. Akasema Nairobi, kwa daktari. Nikashtuka, akacheka: si ugonjwa. Tangu safari ile ya Kioko, daktari humwita kila anapowakusanya wagonjwa wapya watakaotiwa dawa za namna ile. Mwalimu huenda, huketi mstari wa mbele.

"Unawaambia nini?"

"Siwaambii kitu. Anawaambia yeye. Mimi namtazama. Akiruka masikio, nakohoa."

"Amewahi kuruka?"

"Mara moja tu." Akamega chapati. Alisema daktari amezeeka sana, mikono inamtetemeka, mkewe amefariki. Humwalika nyumbani kwake baada ya kazi, wakala pamoja wali na kuku, wakazungumza habari za mvua na watoto wao.

"Kwa hiyo ulimsamehe," nikasema, na nilifurahi kulisema.

Aligeuza uso wote kunitazama, kama zamani mtu alipochelewa kuanza wimbo.

"Hapana, Madam. Nikimsamehe ataacha kusema."

Akafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati, akawashukuru waliotugawia chakula, akavaa viatu mlangoni polepole, na kwenda barabarani kungojea basi la Nairobi.